Aliyehitimu Ana Deni

Katika Pwani yetu neno "kuhitimu" lilikuwa la chuoni kabla halijawa la Chuo Kikuu. Mtoto alianza alifu kwa kijiti mbele ya mwalimu wake, akapanda juzuu kwa juzuu, na siku aliyofika mwisho wa Msahafu akasomewa dua, jirani wakaalikwa, ikatangazwa mtaani kwamba fulani amehitimu. Lakini kila aliyelelewa katika chuo anajua kwamba siku hiyo haikuwa mwanzo wa mapumziko. Kesho yake mwalimu alimketisha jamvini palipo na watoto wadogo, akamkabidhi wanne au watano awasikilize. Aliyejua sura moja alimfunza asiyejua hata moja. Hakuna aliyeliita jambo hilo kujitolea, wala hakuna aliyedai malipo. Lilikuwa ni sehemu ya kusoma kwenyewe.

Nalikumbusha jambo hilo leo kwa sababu ya habari za mbali na Pwani, za Kitale na Bungoma, huko magharibi ya Kenya chini ya Mlima Elgon. Swali lenyewe ni hili: je, mwanafunzi wa Chuo Kikuu yampasa aende katika shule ya msingi, aketi na mtoto wa darasa la pili, amsikilize akisoma? Wako wanaosema hiyo ni kazi ya mwalimu apokeaye mshahara. Wako wanaosema ni sadaka nzuri, mwenye nafasi na atoe. Mimi nasema ni deni, na deni halifanani na sadaka. Sadaka hutolewa na apendaye, deni huulizwa.

Hali ya watoto

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi. Watoto walioandikishwa waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 mwaka 2002 hadi kama milioni 7.2 mwaka uliofuata. Lilikuwa jambo la heri, na maskini wengi walifurahi. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, wala walimu. Mtoto alipata pa kukaa, mara nyingi chini, na mwalimu mmoja akabaki anaita herufi mbele ya umati unaoitikia kwa sauti moja.

Katika kuitikia kwa sauti moja ndimo maradhi yanamojificha. Mtoto mwenye sikio zuri huweza kuitikia ukurasa mzima bila ya kujua hata neno moja lilivyoandikwa. Sisi wa chuoni tunaujua udanganyifu huo. Nani asiyemkumbuka mwenziwe aliyeighani sura kwa ufasaha, kisha mwalimu akaweka kijiti katikati ya mstari na kumwuliza, "Hapa pana nini?" naye akaduwaa?

Kuanzia mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii, mpango uitwao Uwezo umekuwa ukipita majumbani katika Kenya, Tanzania na Uganda, ukiwapima watoto mmoja mmoja kwa kuwapa hadithi fupi wasome. Katika Kenya ripoti zake zilionyesha kwa miaka mingi kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, kama watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Hao saba waliobaki hawakuwa watoro. Walikuwa wamevaa sare, wameketi darasani, na kila mwaka walipandishwa darasa. Mtoto anayefika darasa la nne hajui kusoma haoni tena mlango wa kurudia. Kuanzia hapo kila somo limo kitabuni, na kitabu kwake kimefungwa.

Yaliyoonekana Bungoma

Bungoma ina sifa moja ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2005, katika wilaya ya Bungoma na jirani yake Butere-Mumias, shule 140 ziliongezewa mwalimu mmoja wa mkataba kwa ajili ya darasa la kwanza. Darasa la kawaida lilikuwa na watoto zaidi ya 80. Baada ya kuongezwa mwalimu liligawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kubahatisha; katika nusu nyingine waligawanywa kwa kadiri ya walivyojua, wenye kujua zaidi huku na wenye kujua kidogo kule. Baada ya mwaka mmoja na nusu ilionekana kwamba waliowekwa kwa kadiri ya ujuzi wao walikwenda mbele zaidi, na hata wale dhaifu walinufaika, kwa kuwa mwalimu sasa alianzia pale walipokuwa wamekwama. Ilionekana pia kwamba walimu wale wa mkataba, vijana waliohitimu vyuo vya ualimu na kukosa kazi, walipatikana darasani zaidi kuliko wenzao wenye ajira ya kudumu.

Mmoja wa wataalamu waliofanya uchunguzi huo ni Mwamerika Michael Kremer, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Yafaa ijulikane alianzia wapi. Alipomaliza masomo yake Harvard mwaka 1985 alikwenda kufundisha shule ya sekondari wilayani Kakamega kwa muda wa mwaka mmoja. Ikiwa kijana wa Marekani aliweza kutoka huko akaja kukaa katika kijiji cha magharibi ya Kenya, je, kijana wetu wa Kilifi au wa Webuye ana udhuru gani?

Funzo la Bungoma halihitaji msamiati wa wataalamu. Mtoto asaidiwe kuanzia pale alipo, si pale ambapo kitabu cha darasa kinadhani yupo. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja mbele ya watoto 80, hata awe hodari namna gani. Inataka watu wengi, kila mmoja na watoto wachache. Na watu wengi wajuao kusoma, wenye likizo ndefu, tunao: ni wanafunzi wa Vyuo Vikuu. Karibu na mji wa Bungoma pana Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015. Kitale haiko mbali na Eldoret, palipojengwa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984. Isitoshe, maelfu ya vijana wa sehemu hizo husoma Nairobi na kwingineko na hurudi makwao kila likizo, wakashinda barazani na simu mkononi.

Si jambo geni

Wako watakaosema hii ni ndoto. La hasha. Katika Ethiopia, kuanzia 1964, Chuo Kikuu cha Addis Ababa kiliwataka wanafunzi wake wakatumikie mashambani kwa mwaka mmoja kabla ya kupata shahada, na wengi wao walikuwa walimu wa shule. Hapa kwetu, kutoka 1984, kijana aliyechaguliwa kuingia Chuo Kikuu alipelekwa kwanza Gilgil kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Alijifunza kupiga kwata na kuamka alfajiri, na si haba. Mpango huo ulikoma mwaka 1990, na sijui kama kuna mtoto yeyote aliyejua kusoma kwa sababu ya kwata ile.

Kisha mwaka 2014 Wizara ya Elimu ya Kenya ilianzisha mpango wa G-United. Vijana waliomaliza Chuo Kikuu walipelekwa katika shule za msingi nje ya sehemu walizotoka, wawasaidie watoto wa madarasa ya chini kusoma. Makusudio yalikuwa mawili kwa pamoja: mtoto ajue kusoma, na kijana ajue kuishi na Mkenya asiye wa kabila lake. Baada ya yaliyotupata mwaka 2007 na 2008, makusudio hayo ya pili hayakuwa madogo. Na huko Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, watu waliuawa na wengi wakahama makwao kwa ugomvi wa ardhi. Wako watoto waliopoteza miaka yao ya kwanza ya shule katika ukimbizi. Mgeni anayekuja katika nchi ya namna hiyo bila shamba wala siasa, ila kitabu, ana maana kubwa kuliko anavyodhani mwenyewe.

Lakini mipango ya Serikali na ya wafadhili ina umri wake. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kutoka 2015 kwa fedha za Marekani, uliwapa watoto wa madarasa ya kwanza vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, kila mtoto chake, na tunashukuru. Shirika la USAID lililotoa fedha hizo lilifungwa mwaka 2025. Mfadhili akiondoka huondoka na mfuko wake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu haondoki. Yeye ni mtoto wa nyumba ya pili, na mdogo wake yumo katika shule ile ile.

Sisi wa Pwani yatuhusu nini?

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi ataniuliza: Bungoma na sisi wapi na wapi? Nitajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la historia, na halipendezi lote. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Waswahili ilifika Mumias, katika ufalme wa Wanga, na kutoka hapo ikazunguka nchi za Mlima Elgon. Iliacha huko lugha yetu, na iliacha Uislamu, ambao mpaka leo una misikiti na wafuasi Mumias, Bungoma na Kitale. Lakini misafara ile haikwenda kufundisha. Ilikwenda kutafuta pembe, na si pembe tu. Wasimulizi wa Kitale huonyesha mawe yaliyopangwa duara, wakisema ndipo walipofungiwa watumwa wakingoja safari ya pwani. Kama babu zetu walijua njia ya kwenda huko kwa biashara ile, wajukuu hawawezi kusema hawaijui njia kwa biashara iliyo bora.

La pili ni la lugha. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, kanuni katika Kenya ni kwamba mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afunzwe kwa lugha ya mahali alipo. Bungoma mashambani lugha hiyo mara nyingi ni Kibukusu. Lakini Kitale ni mji wa watu waliochanganyika: Waluhya, Wakalenjin, Wakikuyu, Waturkana na wengineo, na lugha inayowaweka watoto wao kwenye benchi moja ni Kiswahili. Ripoti ya Mackay ya 1981 ndiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, na ripoti hiyo hiyo ndiyo iliyopendekeza Chuo Kikuu cha pili. Yaani mtoto alipewa Kiswahili na kijana akapewa Chuo Kikuu katika waraka mmoja. Ni ajabu kwamba wawili hawa hawajakutanishwa bado.

Kiswahili ndicho mlango mwepesi wa kuingilia katika kusoma, kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishaijua "ba" na "ta", ameijua "bata", na bata hawezi kumgeuka ukurasa wa pili. Kwa mtoto wa Kibukusu mlango huo u karibu zaidi, maana Kibukusu na Kiswahili ni ndugu: sisi twasema "mtu", wao husema "omundu". Kijana wa Pwani aliyenyonya lugha hii kwa mamake anayo mali ambayo Kitale na Bungoma wanaihitaji. Ila na aende kwa adabu. Asiende kumcheka mtoto kwa matamshi yake, wala kumsahihisha kila neno mpaka akaogopa kufungua kinywa. Mwenye lugha asiwe mwenye kiburi.

Na njia hiyo iwe ya kwenda na kurudi. Mashamba ya Kwale, Kilifi na Tana River yana watoto walio katika shida ile ile. Kijana wa Bungoma aliye katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, akakae na watoto wa shule ya jirani huko. Nasi tumpokee kama mwana wa nyumbani, si kama mtu wa bara aliyekuja kutuonea.

Hofu za wazazi na walimu

Yako malalamiko ya haki, nami sitayaruka.

Walimu husema: mkileta vijana wa bure, Serikali itaona haina haja ya kuajiri. Maneno hayo yana uzito, kwa kuwa wako walimu wengi waliofuzu na hawana kazi. Kwa hiyo mpaka uwekwe wazi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu asipewe darasa, asisahihishe mitihani, asishike nafasi ya mwalimu hata siku moja. Kazi yake ni kusikiliza. Nusu saa, watoto watatu au wanne, kitabu mikononi mwa mtoto mwenyewe. Mtoto akikwama, angoje. Akizidi kukwama, amsaidie silabi na si neno zima. Mwalimu ndiye atakayechagua watoto, na kwake ndiko taarifa itakakorudi.

Wazazi wana hofu mbili. Moja ni ya usalama wa watoto, na haina mjadala: kazi ifanywe mahali pa wazi, mlango haufungwi, na mtoto hachukuliwi peke yake. Ya pili ni ya dini. Mzazi Mwislamu wa Pwani humwogopa mgeni asije akamfundisha mwanawe dini nyingine kwa kisingizio cha kusoma, na historia imempa sababu. Basi na ajue kwamba mzazi Mkristo wa Bungoma anaweza kumwogopa mwanawe yeye vivyo hivyo. Dawa ni moja kwa wote: aliyekuja kusoma asome, mahubiri yana mahali pake.

Wanafunzi nao wana lao. Wengi wanasoma kwa mkopo, na nauli ya kutoka Kilifi mpaka Kitale si pesa ndogo. Ndiyo maana nasema aanzie pale alipo, nyumbani kwao au shule iliyo karibu na chuo chake. Atakayevuka nchi na avukishwe na wenye uwezo. Jumuiya zetu za Waislamu huchangia misikiti, visima na futari. Tiketi ya basi ya kijana anayekwenda kusomesha si kitu cha kuzishinda.

Lakini malalamiko makubwa kuliko yote ni yangu mimi, nayo ni juu ya wanaokuja siku moja. Wanashuka kwenye basi na fulana za rangi moja, wanagawa peremende, wanapiga picha na watoto, jioni wameondoka. Mtoto asiyejua kusoma amebaki asiyejua kusoma, ila sasa yumo katika picha. Huko India, katika jimbo la Uttar Pradesh, shirika la Pratham liliwafunza vijana wa vijijini waliojitolea kusoma na watoto baada ya saa za shule. Watoto wasiojua kusoma waliohudhuria walipiga hatua kubwa. Ila waliohudhuria walikuwa wachache mno, chini ya mmoja kati ya saba wa wale waliokuwa na shida hiyo. Kwa hiyo tumejifunza mambo mawili: kazi hii inafaa, na lazima ifanywe ndani ya shule, kwa saa zake, na watoto wale wale, mpaka wasome. Asiyeweza kukaa muhula mzima afadhali asianze.

Watoto kumi

Nimesema ni deni, na sasa nitaje kiasi chake.

Amri ya kwanza aliyoshushiwa Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa ni kusoma. Na vitabu vya sira vinatuhadithia kwamba baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa pili wa Hijra, wako mateka wa Makka ambao hawakuwa na mali ya kujikomboa, lakini walijua kuandika. Fidia yao ikawa ni watoto kumi wa Madina: kila mmoja awafunze kumi kusoma na kuandika, kisha aende zake huru. Husemwa kwamba Zaid bin Thabit, aliyekuja kuwa mwandishi wa Wahyi, ni katika watoto waliojifunza kwa njia hiyo. Tuwaze jambo hilo. Adui alifanywa mwalimu, na elimu ikawa na thamani ya roho ya mtu.

Mwanafunzi wetu si mateka. Lakini naye amekombolewa kwa mali ya wengine. Mahindi ya Trans Nzoia yalilipa kodi iliyojenga chuo chake. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kilianza kama chuo cha mafunzo kwa Waislamu, kwa michango ya Waislamu wa madhehebu mbalimbali. Wengi waliotoa hawakujua hata kuandika majina yao. Hao hawawezi kulipwa tena. Wajukuu zao wanaweza.

Basi nashauri kiasi kiwe kile kile: watoto kumi. Miaka minne ya Chuo Kikuu, watoto kumi, si zaidi. Kabla kijana hajavaa joho na kupigwa picha na wazee wake, aulizwe: wako wapi kumi wako? Si majina kwenye karatasi, bali watoto ambao ukiweka kidole katikati ya mstari na kuwauliza, "Hapa pana nini?" watakujibu.

Mwalimu wa chuo hakutuachia tuhitimu na kuondoka. Alitukabidhi wadogo, akakaa kando akisikiliza tunavyosikiliza. Vyuo Vikuu vyetu vimechukua neno lake. Havijachukua desturi yake bado.